Shajara ya mradi: kuhama kutoka Nautilus kwenda Thunar katika eneokazi la GNOME

Jumatatu: lengo na uteuzi

Lengo la mradi huu ni kwamba popote mtumiaji anapofungua folda katika kompyuta zetu za Linux zenye eneokazi la GNOME, dirisha litakalotokea liwe la Thunar badala ya Nautilus, ambazo zote mbili ni programu za kusimamia mafaili. Neno "popote" nimeliweka kwa makusudi. Maelekezo mengi yanayosambazwa kuhusu kazi hii huishia kwenye amri moja, nayo hubadilisha njia moja tu kati ya njia kadhaa ambazo programu huzitumia kufungua folda, kisha mtumiaji hubaki akishangaa kwa nini kivinjari chake bado kinamletea dirisha la zamani.

Nautilus yenyewe si programu mbaya. Ilianza katika kampuni ya Eazel, toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2001, na kampuni hiyo ilipofungwa mwaka huohuo programu iliendelea kutunzwa ndani ya GNOME. Malalamiko ya wenzangu yanahusu zaidi mabadiliko ya mwaka 2012, katika toleo la 3.6, ambapo dirisha lililogawanyika sehemu mbili kwa kitufe cha F3 liliondolewa, na herufi inayoandikwa ndani ya folda ikaanza kuzindua utafutaji badala ya kumpeleka mtumiaji moja kwa moja kwenye faili linaloanza na herufi hiyo. Kwa mtu anayefungua faili mojamoja, hili halina uzito. Kwa anayeshinda akihamisha mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya saraka zenye maelfu ya picha na hati, ni jambo linalokwaza kazi kila dakika.

Nilipima mbadala tatu. Nemo, iliyochipuka kutoka Nautilus 3.4 chini ya mradi wa Linux Mint, ina karibu kila kitu tunachotaka, lakini huja na maktaba za Cinnamon, eneokazi la mradi huo. Dolphin ndiyo yenye uwezo mkubwa kuliko zote, ila inategemea KIO, mfumo wa eneokazi la KDE wa kufikia mafaili ya mbali, ilhali GNOME hutumia GVfs kwa kazi hiyo, na sikutaka kompyuta moja iwe na mifumo miwili inayofanya kazi ileile. Thunar imekuwa ndani ya Xfce, eneokazi jingine la Linux, tangu toleo la 4.4 la Januari 2007, inatumia GVfs iliyopo tayari, na tangu Xfce 4.18, iliyotoka Desemba 2022, ina dirisha lililogawanyika pamoja na uwezo wa kutengua hatua ya mwisho. Nimeichagua Thunar.

Jumanne: hali ilivyo kabla ya kugusa chochote

Kwa mtazamo wa mfumo, folda ni aina mojawapo ya maudhui kama zilivyo picha au hati, na jina la aina hiyo ni `inode/directory`. Kwa hiyo swali la kwanza ni programu gani imesajiliwa kwa aina hiyo, nalo huulizwa hivi:

`gio mime inode/directory`

`xdg-mime query default inode/directory`

Ninatumia amri zote mbili kwa sababu kila moja husoma usanidi kwa msimbo wake. Ya kwanza hupitia maktaba ileile inayotumiwa na programu za GTK (zana za kujengea madirisha zinazotumiwa na GNOME), ya pili ni skripti inayojitegemea, na zinapotofautiana mtu anajua papo hapo kwamba kuna faili la usanidi ambalo moja inaliona na nyingine hailioni. Katika kompyuta ya majaribio zote zilitaja `org.gnome.Nautilus.desktop`, kama ilivyotarajiwa.

Kilichonichukulia muda ni mpangilio wa mafaili ya usanidi. Kanuni za freedesktop.org zinasema kwamba faili la `mimeapps.list` lililo ndani ya `~/.config` husomwa kwanza, kisha lile la `/etc/xdg`, na mwisho yale yaliyo katika saraka za `applications`, kuanzia ya mtumiaji hadi `/usr/share/applications`. Tena, katika kila saraka, faili lenye jina la eneokazi, kwa mfano `gnome-mimeapps.list`, hutangulia lile lisilo na jina. Programu ya kwanza kupatikana, ikiwa kweli imesakinishwa, ndiyo inayoshika nafasi.

Kutokana na mpangilio huo nimeamua kwamba kwa kompyuta zote nitaandika `/etc/xdg/gnome-mimeapps.list`, si `/etc/xdg/mimeapps.list`. Wapo wachache wanaoingia katika Plasma, eneokazi la KDE, kwa akaunti zilezile, na sioni sababu ya kuwanyang'anya Dolphin kwa sababu ya mradi unaohusu GNOME.

Jumatano: usajili wa aina ya maudhui

Thunar imesakinishwa pamoja na `tumbler`, ambayo ndiyo hutengeneza vijipicha, na `thunar-archive-plugin` kwa ajili ya mafaili yaliyobanwa. Faili la usanidi lina mistari miwili tu:

`[Default Applications]`

`inode/directory=thunar.desktop`

Jina hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Matoleo ya zamani ya Thunar yalikuja na `Thunar.desktop`, yenye herufi kubwa, na kwa kuwa Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, usanidi uliohamishwa kutoka mashine ya zamani unaweza kutaja programu isiyokuwepo. Mfumo hautoi onyo lolote. Huuruka mstari huo na kuendelea kutafuta chini zaidi. Ni vyema kutazama kwanza kilichomo katika `/usr/share/applications` kabla ya kunakili jina kutoka popote.

Mashine moja ilikataa kutii. Folda zilifunguka katika programu ya kuchanganua matumizi ya diski, yaani badala ya orodha ya mafaili mtumiaji alionyeshwa mchoro wa duara. Chanzo chake kinaeleweka: programu hiyo nayo hujitangaza kwamba inaweza kufungua `inode/directory`, jambo ambalo ni kweli, na mtumiaji alikuwa na mstari wa zamani katika `~/.config/mimeapps.list` uliohifadhiwa siku alipobofya "fungua kwa kutumia" na kuacha alama ya kukumbuka chaguo. Faili la mtumiaji hulishinda la mfumo daima. Wahariri kadhaa wa msimbo hujitangaza vivyo hivyo, kwa hiyo nimeongeza katika skripti ya usakinishaji hatua ya kutafuta mistari ya `inode/directory` katika saraka za watumiaji na kuiorodhesha ili niikague. Siifuti moja kwa moja, kwa kuwa huenda mtu aliichagua akijua anachofanya. Asiyetaka programu fulani ipendekezwe tena kwa folda anaweza kuiandika chini ya `[Removed Associations]`, na itaacha kuonekana katika orodha hiyo.

Baada ya hapo `gio open` pamoja na jina la folda ilileta Thunar kwenye mashine nyingine zote za majaribio, na hata diski ya USB ilipochomekwa na kubofyewa arifa yake, dirisha sahihi lilifunguka.

Alhamisi: njia ya D-Bus

Hapa ndipo maelekezo mafupi huishia na ndipo kazi yenyewe inapoanza. Mtumiaji anapopakua faili kwa kivinjari na kubofya alama ya folda kando ya jina lake, kivinjari hakitaki kufungua folda tu. Kinataka folda ifunguke na faili lile liwe tayari limeteuliwa ndani yake. Usajili wa aina ya maudhui hauwezi kubeba ombi hilo, kwa sababu unajua kupokea anwani ya folda pekee. Kwa hiyo Firefox, Chromium na programu nyingine nyingi hutuma ujumbe kupitia D-Bus, mfumo ambao programu hutumia kupashana ujumbe, kwa huduma inayoitwa `org.freedesktop.FileManager1`, yenye mbinu tatu: `ShowFolders`, `ShowItems` na `ShowItemProperties`. Programu za Flatpak, ambazo haziruhusiwi kugusa mfumo moja kwa moja, hupitia portal, yaani huduma ya eneokazi inayopokea maombi yao, na portal nayo hatimaye huliuliza jina hilohilo.

D-Bus haisomi `mimeapps.list` hata kidogo. Inapopokea ujumbe wa jina ambalo hakuna programu inayolimiliki wakati huo, hutazama mafaili ya huduma yaliyo katika `/usr/share/dbus-1/services` na kuanzisha programu iliyotajwa humo. Nautilus huweka faili lake huko, na Thunar huweka lake katika saraka ileile. Mafaili mawili yanayodai jina moja ndani ya saraka moja hayana mpangilio wa kutegemewa, na ndiyo sababu watu wawili wenye usambazaji uleule wa Linux wanaweza kufuata maelekezo yaleyale na kupata matokeo tofauti.

Dawa yake ni kutumia saraka yenye kipaumbele cha juu zaidi. Kwa mtumiaji mmoja, saraka hiyo ni `~/.local/share/dbus-1/services`. Kwa watumiaji wote wa mashine, ni `/usr/local/share/dbus-1/services`, mradi `/usr/local/share` itangulie `/usr/share` katika orodha ya saraka ya `XDG_DATA_DIRS`, na kwa kawaida hutangulia. Nimeandika humo faili la `org.freedesktop.FileManager1.service` lenye mistari hii:

`[D-BUS Service]`

`Name=org.freedesktop.FileManager1`

`Exec=/usr/bin/thunar --daemon`

Faida nyingine ya `/usr/local` ni kwamba msimamizi wa vifurushi haigusi. Kuhariri faili lililo katika `/usr/share`, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, ni kujitafutia kazi ya kurudia kila Nautilus inaposasishwa.

Baada ya kutoka na kuingia tena, nilijaribu bila kutumia kivinjari, ili nisichanganye tabia ya kivinjari na ya mfumo:

`dbus-send --session --print-reply --dest=org.freedesktop.FileManager1 /org/freedesktop/FileManager1 org.freedesktop.FileManager1.ShowItems array:string:"file:///etc/hostname" string:""`

Thunar ilifunguka ndani ya `/etc` na faili la `hostname` likiwa limeteuliwa.

Ijumaa: nani anawahi jina

Jaribio la jana lilifaulu, na leo asubuhi kivinjari kilifungua Nautilus kwenye mashine ileile. Amri ifuatayo ndiyo iliyotoa jibu, kwa kuwa huonyesha ni mchakato gani unamiliki jina kwa sasa:

`busctl --user status org.freedesktop.FileManager1`

Mmiliki alikuwa Nautilus, ingawa hakuna aliyeifungua. Maelezo yake ni haya. Faili la huduma hutumika tu pale ambapo jina halina mmiliki. Nautilus kila inapoanza, kwa sababu yoyote ile, huomba jina hilo, na moja ya sababu za kuanza kwake ni utafutaji wa GNOME: mtumiaji akibonyeza kitufe cha Super na kuandika neno, ganda la GNOME (GNOME Shell) huiamsha Nautilus kimyakimya ili itafute mafaili yenye neno hilo. Nautilus ikiamka kabla ya Thunar, jina ni lake hadi itakapofungwa, na anayefuata husubiri katika foleni.

Nilichukua hatua mbili. Kwanza, Thunar inaanzishwa mwanzoni mwa kikao kwa faili la `/etc/xdg/autostart/thunar-daemon.desktop` linaloendesha `thunar --daemon`, ili jina liwahiwe kabla mtumiaji hajapata nafasi ya kutafuta chochote. Mchakato huo hukaa kimya bila dirisha, na kumbukumbu inayotumia haijanipa wasiwasi. Pili, kwa wale wasiotumia utafutaji wa mafaili ndani ya ganda la GNOME, nimeizima Nautilus katika orodha ya watoa matokeo:

`gsettings set org.gnome.desktop.search-providers disabled "['org.gnome.Nautilus.desktop']"`

Hatua ya pili nimeifanya ya hiari, kwa sababu utafutaji huo ni mzuri na baadhi ya wenzangu wanauthamini kuliko wanavyoichukia Nautilus. Hatua ya kwanza peke yake inatosha, ilimradi Thunar isianguke katikati ya kikao. Ikianguka wakati Nautilus iko kwenye foleni, jina litahamia Nautilus papo hapo, na suluhisho ni `nautilus -q` ikifuatiwa na kuianzisha Thunar upya.

Jumatatu ya pili: dirisha la kuchagua faili

Mwenzangu mmoja ameuliza kwa nini, baada ya yote haya, dirisha la kufungua au kuhifadhi faili ndani ya programu halifanani na Thunar. Swali ni la haki, na jibu linahitaji kutenganisha vitu viwili vinavyofanana kwa sura. Dirisha la kuchagua faili si msimamizi wa mafaili. Ama hutoka katika maktaba ya GTK au Qt iliyotumika kujengea programu yenyewe, ama huletwa na portal. Tangu GNOME 47, iliyotoka Septemba 2024, portal ya GNOME hutumia Nautilus kama dirisha hilo.

Portal inaweza kubadilishwa kwa faili la `portals.conf`, kwa kuandika `org.freedesktop.impl.portal.FileChooser=gtk`, na dirisha la kawaida la GTK hurejea. Thunar haina portal yake, kwa hiyo hakuna usanidi utakaoifanya iwe dirisha la kuchagua faili. Nimeacha jambo hili kama lilivyo na kuliandika wazi katika maelezo ya watumiaji.

Jambo hilohilo limenithibitishia uamuzi wa kutoiondoa Nautilus. Pamoja na dirisha hilo, usambazaji mwingi huiweka Nautilus miongoni mwa vifurushi ambavyo eneokazi zima huvitegemea, na kuing'oa kunaweza kung'oa kifurushi kikuu kinachoshikilia masasisho ya eneokazi. Faida ya kuiondoa ni megabaiti chache za diski. Imebaki, ila nimeitoa kwenye upau wa programu pendwa na kuweka Thunar mahali pake, kwa sababu ikoni iliyobandikwa pale huita programu moja kwa moja bila kuuliza chaguo-msingi.

Jumanne ya pili: yanayohama yenyewe na yasiyohama

Alamisho za folda zilihama bila kuguswa, kwa kuwa programu zote mbili husoma `~/.config/gtk-3.0/bookmarks`. Tupio pia ni lilelile, `~/.local/share/Trash`, pamoja na `.Trash-1000` na mengine ya aina hiyo katika diski nyingine, hivyo faili lililofutwa kwa Nautilus linarejeshwa kwa Thunar mahali lilipokuwa. Vijipicha hukaa katika `~/.cache/thumbnails` na hutumiwa na zote.

Skripti za watumiaji hazikuhama. Zilizo katika `~/.local/share/nautilus/scripts` hupokea orodha ya mafaili kupitia kigezo cha mazingira `NAUTILUS_SCRIPT_SELECTED_FILE_PATHS`, ilhali vitendo maalumu vya Thunar huandikwa katika `~/.config/Thunar/uca.xml` na kupokea majina kama hoja za amri: `%f` kwa faili moja, `%F` kwa mengi. Nilizihamisha kwa mkono, na kusema kweli zilitoka zikiwa fupi na safi zaidi, maana Thunar huruhusu kubainisha kwamba kitendo fulani kionekane kwa picha tu au kwa folda tu, kazi ambayo awali ilifanywa na masharti ndani ya kila skripti.

Kitendo cha kufungua terminali ndani ya folda, kinachokuja na Thunar, huita `exo-open --launch TerminalEmulator`, na `exo-open` hufuata mapendeleo ya Xfce ambayo kompyuta zetu hazina. Nimekibadilisha kiite `gnome-terminal --working-directory=%f`, na faili lililorekebishwa nimeliweka katika `/etc/xdg/Thunar/uca.xml` ili akaunti mpya zilipate tangu mwanzo. Mapendeleo mengine, kama mwonekano wa orodha yenye safu, huhifadhiwa na xfconf, mfumo wa usanidi wa Xfce, hivyo yamewekwa katika `/etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/thunar.xml`.

Lililobaki ni la macho tu. Thunar bado ni programu ya GTK 3, na programu za GTK 3 hazifuati swichi ya GNOME ya mandhari ya giza, kwa hiyo anayependa giza aliona dirisha jeupe katikati ya usiku wake. Kuweka `gtk-theme` kuwa `Adwaita-dark` kunatatua hilo.

Alhamisi ya pili: usambazaji

Skripti ya usakinishaji sasa inaandika mafaili matano ya mfumo: usajili wa aina, huduma ya D-Bus, faili la kuanzisha Thunar mwanzoni mwa kikao, vitendo maalumu na mapendeleo ya xfconf. Mwishoni hutekeleza ukaguzi ndani ya kikao cha mtumiaji. Ukaguzi huo hauridhiki na jibu la `gio mime`. Hutuma ujumbe wa `ShowItems`, kisha husoma jina la mchakato unaomiliki `org.freedesktop.FileManager1`, na kushindwa ikiwa si Thunar. Ukaguzi huohuo umewekwa uendeshwe baada ya kila sasisho kubwa la eneokazi.

Mashine zote zimepita isipokuwa ile yenye mstari wa zamani wa mtumiaji, ambaye nimemuuliza kama bado anauhitaji. Amejibu kwamba hakujua upo, na kwa idhini yake nimeufuta.